Siku Kamati Ilipoipigia Kura Sheria ya Fataki

Sijui ni nani aliyewaambia watu wetu kwamba keki haikatiki mpaka kitu kilipuke. Nilipokuwa mdogo Dar es Salaam, sherehe ya kumuaga bibi harusi ilikuwa pilau, tarumbeta, shangazi mmoja anayelia kupita kiasi, basi. Siku hizi lazima cheche ziruke, moshi ufuke, mpiga video akohoe, ndipo watu waamini kwamba binti ameagwa. Nimehudhuria sherehe za namna hiyo za kutosha. Kila mara nimetoka nikinuka baruti, na sikumbuki hata mara moja bibi harusi alivaa nini.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kike alipoposwa hapa Sydney na kamati ya sherehe ikaundwa, niliomba jambo moja tu: tusilipue chochote. Niliomba mapema, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Wakanisikiliza kama unavyosikiliza tangazo la treni isiyo yako.

Mdogo wangu anafanya kazi ya kutunza wazee. Anawaogesha, anawageuza, anawalisha uji kwa kijiko, anaambiwa maneno ambayo mimi ningeshamjibu mtu, naye anasema asante. Ameingia nchi hii kwa viza ya mwanafunzi, akahamia nyingine, kisha nyingine, kila moja ikiwa na ada yake na usumbufu wake. Wakati huo ombi lake la ukazi wa kudumu lilikuwa limeshapelekwa na tulikuwa tunasubiri jibu. Katika ombi hilo kuna sehemu inayouliza kama umewahi kuwa na kesi yoyote. Yeye hajawahi hata kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu. Amesimama saa za alfajiri kwenye njia panda isiyo na gari wala mbwa, akingoja mtu wa kijani awake. Nimemwona kwa macho yangu, na nilimcheka.

Nyumba yake iko Penrith, mwisho kabisa wa mji, ina ua mkubwa wa nyasi. Mkataba wa kupanga una jina lake peke yake. Sherehe ingefanyika pale. Ndiyo kusema kitu chochote ambacho kingetokea ndani ya ua ule kingekuwa chake yeye, si cha kamati. Jambo hili nililieleza mara mbili, nikidhani mara moja haitoshi. Mara mbili pia haikutosha.

Kamati ilikutana sebuleni kwangu Lidcombe, kwa sababu ni karibu na stesheni na kwa sababu mimi ndiye mwenye viti. Mwenyekiti alikuwa mtu wa makamo wa kwetu, aliyetutangulia wote kufika Australia, na hakuacha mtu asahau. Mimi nilipewa cheo cha manunuzi. Usidhani ni heshima. Kila mtu anajua nilikulia nyuma ya duka la vyombo Kariakoo na siwezi kununua hata kitunguu bila kuuliza bei ya mwisho. Pia nahesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya muuzaji, mara ya pili kwa ajili yangu.

Tulikuwa tumemaliza ukumbi ambao si ukumbi, mahema, muziki na kuku, mwenyekiti akavua miwani.

“Fataki,” akasema. “Zile za kupanda juu. Si za kitoto.”

“Mwenyekiti, hapa haziruhusiwi.”

“Nani kasema?”

“Sheria.”

“Sheria ipi? Mwaka mpya bandarini zinarushwa mpaka madirisha ya matajiri yanatikisika. Wale wanaorusha ni malaika?”

“Wale wana leseni.”

“Basi na sisi tutapata kibali. Ndugu yangu, nimekaa hapa tangu wewe unavaa kaptula. Kila serikali ni serikali. Kwetu hata kupiga muziki unaomba kibali. Unakwenda kwa mtendaji wa mtaa, unaeleza shida yako kwa adabu, unaacha hela ya soda, unapewa karatasi.”

Mpishi wetu alikuwa mama mmoja wa Kirundi, mwenye mikono mikubwa na uvumilivu mdogo. Alimtazama mwenyekiti juu ya kikombe chake. “Prezida,” akamwita, maana alimwita hivyo tangu siku ya kwanza na mwenyekiti akadhani ni sifa. “Na kama polisi inakuja, ile karatasi ya soda utaionyesha?”

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Ndipo akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka natamani kunawa mikono. Alisema tupige kura. Wala si kura ya kama tunataka fataki. Kura ya kama sheria ya New South Wales inatuhusu.

“Kidemokrasia,” akasema. “Wanaoona hiyo sheria inatuhusu sisi na sherehe yetu, wanyooshe mikono.”

Nilihesabu mikono mitatu. Nikahesabu tena: ilikuwa miwili, wangu na wa mpishi. Wa tatu ulikuwa wa mtu anayeomba apitishiwe sukari. Waliobaki, watu wazima wenye shahada, wahasibu, wauguzi, mmoja anafundisha watoto wa wenzake, walikaa wameshika vikombe vyao wakitazama zulia.

“Imepita,” mwenyekiti akasema. “Na kilichopita kikao hakirudi.”

Hii ndiyo tabia yetu ninayoichukia kuliko zote. Mtu akishakaa kwenye kiti cha mbele na kusema imepita, basi imepita, hata kama kilichopita ni upuuzi. Ukisema kitu baada ya hapo unaitwa mkorofi, tena na watu ambao jikoni walikuambia uko sahihi kabisa.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alinipitia na gari lake twende kuangalia mali. Nilikwenda. Mtu wa manunuzi asiyeiona mali hawezi hata kuikataa vizuri. Tulifika kwenye gereji ya nyuma ya nyumba moja, si mbali na stesheni ya Fairfield. Ilinuka mkojo wa paka na mafuta ya injini. Muuzaji alikuwa amevaa ndala na fulana iliyowahi kuwa nyeupe. Juu ya katoni ya fataki kulikuwa na sahani ya wali uliokauka, na kijiko kimesimama ndani yake chenyewe. Pembeni, kwenye kopo, kulikuwa na vipisi vya sigara. Na yeye, akituonyesha baruti yake, alivuta sigara. Narudia kwa anayesoma haraka: alivuta sigara.

“Bei?” nikamuuliza.

Akataja. Mimi nikataja nusu, kwa mazoea tu, kama mtu anavyopiga chafya.

“Sawa,” akasema.

Nilisikia mwili mzima unakataa. Nimejadiliana bei tangu sijaota meno ya utu uzima. Mtu anayeuza kitu kizuri akisikia nusu anaumia, anaapa kwa mama yake, anakuambia anakula hasara. Anayekubali nusu kabla hujamaliza kuitamka, huyo anatafuta pa kutupia. Nikainama nikatazama maboksi. Pembe zimevimba kwa unyevu. Moja lilikuwa linavuja unga wa kijivu, ukanibakia kidoleni, na nilikitembeza kidole kile mbali na nguo zangu asubuhi nzima kama nimegusa kinyesi.

“Zinatoka wapi?”

“Juu huko, Northern Territory. Huko halali kabisa, bosi.”

Na hapo hakudanganya, ndiyo maana uongo wake ulikuwa mzuri. Nilikuja kusoma baadaye. Huko Northern Territory wana siku yao moja kwa mwaka, na jioni ya siku hiyo mtu mzima yeyote ananunua dukani na kulipua uani kwake. Saa zikiisha, imekwisha. Canberra nao waliwahi kuziuza, wakachoka kufukuzana na masanduku ya barua yaliyolipuliwa na mbwa waliokimbia makwao, wakaacha. Tasmania unaomba kibali kabla. Nchi moja, pasipoti moja, na boksi lile lile la karatasi ni burudani upande huu wa mstari na ni kosa upande wa pili. Mstari wenyewe huko jangwani hata kichaka hakina. Lakini ukiuvuka na boksi lako, halivuki na uhalali wake.

“Risiti unatoa?”

Muuzaji alicheka mpaka majivu yakadondoka juu ya katoni. Nilirudi nyuma hatua ndefu.

“Maboksi sita kwa katoni,” akasema, “na sivunji katoni. Chukua au acha.”

“Naacha.”

Ndani ya gari mwenyekiti alikuwa na furaha. “Bei umeishusha vizuri sana,” akaniambia, kana kwamba sikusema neno la mwisho.

Siku ya kazi iliyofuata niliipigia simu ofisi ya serikali inayohusika na leseni hizo. Nilikuwa kwenye jukwaa la stesheni, treni tatu zinatangazwa kwa pamoja. Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kusikia kila kitu. Tuliongea Kiingereza, naandika nilivyomwelewa.

“Nataka kununua fataki za sherehe ya familia.”

“Una leseni?”

“Nataka kujua inapatikanaje.”

Akanieleza bila haraka. Leseni ni ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Na huyo naye hajiamulii tu; lazima atoe taarifa siku kadhaa kabla, mahali pajulikane, zimamoto wajue. Mtu wa kawaida hanunui, haweki, halipui.

Sasa, mtu mwingine hapo angeaga. Mimi nilikuwa nimeagizwa na kamati, na damu ya Kariakoo haijui neno hapana.

“Tuseme sita,” nikasema.

“Hapana.”

“Nne.”

“Bwana, hili si suala la idadi.”

“Mbili, ndogo. Ua ni mkubwa, na ndoo ya maji nitaisimamia mwenyewe.”

Kisha akauliza polepole, “Unajadiliana bei na mimi?”

“Moja,” nikasema. “Nusu ya moja, kama mnakata.”

Alicheka. Nikajua nimefika mahali. Muuzaji akicheka, bei inasogea, hata kama anachouza ni sheria ya jimbo zima.

“Kuna vijiti vya cheche,” akasema. “Vile vya kushika mkononi, hata dukani vipo. Hivyo havihitaji leseni.”

“Vingapi?”

“Unavyotaka. Weka ndoo ya maji, wape watu wazima. Na siku ikitangazwa marufuku ya moto, hata hivyo usiwashe.”

Nilishuka jukwaani kifua mbele. Nilikuwa nimeanza na fataki sita nikaishia na vijiti visivyo na idadi, bure, kwa simu. Ni baadaye tu nilipotulia nikaona kwamba sikushusha chochote. Vijiti vilikuwa halali kabla sijazaliwa. Yule mama alinitajia tu kilichokuwa rafuni.

Niliandika kwenye kundi letu la simu: fataki haziwezekani, vijiti vinawezekana, nimenunua pakiti kumi, nimezihesabu mara mbili. Mdogo wangu akajibu asante kaka. Mpishi akaweka vigelegele. Mwenyekiti akaweka kidole gumba cha njano, peke yake, bila neno. Ningepaswa kukiogopa kidole kile.

Sherehe ilikuwa Jumamosi, katikati ya kiangazi. Penrith wakati wa kiangazi si mahali pa kumpeleka mtu unayempenda. Nyasi za ua zilikuwa zimekauka mpaka zinavunjika chini ya kiatu, na upepo ulivuma kama mtu amefungua oveni akaisahau wazi. Ijumaa jioni marufuku ya moto ilitangazwa kwa Sydney nzima: hakuna moto wa nje, hakuna mkaa, na ndiyo, hakuna vijiti. Mpishi alinuna kwa ajili ya mishkaki yake, kisha akaiingiza ndani kwenye oveni akiitukana kwa Kirundi sinia baada ya sinia. Mimi nilizichukua pakiti zangu kumi nikazifungia kwenye droo ya vijiko, jikoni kwa mdogo wangu. Ilinikera, sikatai. Lakini kwa sheria niliyoisikia kwa sikio langu, sikuwa na wa kumlaumu.

Mchana, watu wakiwa wanafika, nilikwenda gereji ya mdogo wangu kuchukua vitambaa vya meza. Vilikuwa vimerundikwa kwenye kona nyuma ya friji kubwa ya kulala. Nilipohesabu, vikawa ishirini. Niliporudia kuhesabu, kwa kuviinua kimoja kimoja, cha mwisho hakikulala juu ya sakafu. Kililala juu ya maboksi.

Pembe zimevimba. Unga wa kijivu. Hata punje ya wali ilikuwepo, imegandia kwenye kifuniko.

Nilisimama pale na joto lile la bati, friji inanguruma. Nilichosikia hakikuwa hofu bado. Kilikuwa kinyaa. Mtu alikuja nyumba hii siku mdogo wangu yuko kazini akimfuta mzee wa watu udenda, akafungua gereji yake, akamwekea baruti mbovu chini ya vitambaa vyake vyeupe. Halafu akaenda zake nyumbani akalala.

Nilihesabu. Tano. Nikarudia. Tano. Na yule mvuta sigara alisema sita kwa katoni, na havunji katoni.

Nilimwita mdogo wangu kutoka chumbani. Alikuja na nusu ya uso umepakwa poda na nusu bado. Nyuma yake akaja shemeji, mchumba wake, Mkenya, muuguzi, kijana mpole mpaka umguse.

Mdogo wangu aliyatazama maboksi. Hakupiga kelele. Alishika mlango wa gereji kwa mkono mmoja, nami nikamwambia katoni ina sita.

“Ni nyumba yangu,” akasema. “Kaka, hii ni nyumba yangu. Wakizikuta hapa ni zangu.”

“Buda, huyu msee anataka kutuchomea,” shemeji akasema, akimaanisha mwenyekiti, akaanza kukunja mikono ya shati. “Wacha nimwendee.”

“Huendi kokote na shati hilo,” mdogo wangu akamjibu. “Kaka, nyingine iko wapi?”

Nilikuwa nimekwisha kujua. Gari la mwenyekiti lilikuwa kwenye njia ya kuingilia, juani. Mwenyewe alikuwa amesimama kando yake amevaa suti ya zambarau, anafuta jasho kwa kitambaa, na mkono mmoja kaulaza juu ya buti kama mtu anayemlinda ng'ombe wake. Mdogo wangu alimfuata vile vile na uso wake wa nusu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, bibi harusi! Mbona hujamaliza kupendeza?”

“Mjomba, fungua buti.”

Alitabasamu. Akanitazama mimi, si yeye. “Umeshaharibu mshangao,” akaniambia. Kisha kwa mdogo wangu, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, “Mwanangu, hii ni moja tu, ya kukatia keki. Zile nyingine ni akiba. Dakika moja ya furaha, tunazima, nani atajua?”

“Leo ni marufuku ya moto,” nikasema. “Majani yote haya ni kiberiti. Na umeiacha kwenye buti, na jua hili.”

“Wewe nawe na sheria zako. Kikao kilipitisha.”

“Mjomba,” mdogo wangu akasema, “mimi nimegeuza wazee vitandani tangu nifike nchi hii. Nimesafisha vitu ambavyo siwezi kuvitaja mbele ya chakula. Vyote hivyo kwa ajili ya jibu moja ninalolisubiri. Wewe unataka kunipa dakika moja?”

Mwenyekiti akatoa jibu lake la siku zote. “Basi tuyamalize kifamilia. Nitazitoa kesho kimya kimya.”

Na hapa nakiri sheria ilinishangaza tena, maana mimi mwenyewe nilishaanza kufikiri kizamani: tuzipakie gari langu, tukazitupe mbali. Mdogo wangu alikuwa ameshatoa simu. Alipiga kituo cha polisi, akaeleza kilichopo, kiko wapi, na kwamba si chake. Wakamwambia asiziguse, asizisafirishe, asizitupe, wanakuja. Kumbe hata kuzibeba barabarani ni kosa jingine juu ya kosa.

“Umeita polisi?” mwenyekiti akasema. “Sherehe yako mwenyewe? Utaiaibisha jamii nzima!”

“Jamii haijaandika mkataba wa nyumba hii,” mdogo wangu akasema, akarudi ndani kumaliza uso.

Nilibaki mlangoni pa gereji nikilinda, na nikamwachia mwenyekiti mgongo wangu. Sikudhani mtu wa suti ya zambarau angeweza kufanya kitu cha haraka. Niliposikia gari linawaka lilikuwa limeshafika barabarani. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi, uso umemvimba kwa joto na hasira.

“Prezida ameondoka,” akasema. “Na amebeba pilau. Madishi mbili! Na fataki yake ameweka kwa pubeli.”

Nilikwenda kwenye pipa la taka nikafunua kifuniko. Lilikuwa pale, boksi la sita, limelazwa juu ya matumbo ya kuku na maganda ya vitunguu, na nzi wameshalikaribisha. Alikuwa amelisukuma chini kidogo ili lisionekane. Pipa la mdogo wangu, lenye namba ya nyumba yake ubavuni kwa rangi nyeupe. Nilifunga kifuniko.

Polisi walikuja wawili, mwanamke na mwanamume, bila king'ora. Hata hivyo nusu ya wageni walikumbuka ghafla kwamba wana zamu. Mdogo wangu alitoka na gauni lake la kijani na kilemba chake, akawapeleka gereji, kisha akawapeleka kwenye pipa.

“Nani alizileta?” yule mwanamke akauliza.

Kamati nzima ilikuwa pale chini ya hema. Wale wahasibu, wale wauguzi, yule mwalimu. Wote waliokaa na vikombe vyao siku ile sheria inapigiwa kura. Kamati nzima ikaitazama keki. Ilikuwa keki nzuri, ya ghorofa tatu, lakini haikuwa na majibu.

Mdogo wangu alimtaja mwenyekiti kwa jina lake kamili. Mimi nikalirudia, na nikaongeza namba ya gari. Mpishi akaongeza pilau. Polisi waliandika vyote, nadhani hata pilau, wakasema amefanya vyema kupiga simu, wakabeba maboksi yote sita kwa namna yao wakaondoka. Hawakusema kama kutakuwa na kesi au hakutakuwa. Hawakuwa na kazi ya kututuliza.

Tulikata keki. Mshereheshaji, akiwa hajui la kufanya na mstari wa ratiba uliosema fataki, aliusoma tu hivyo hivyo, “Fataki,” akanyamaza, na mama wa Kirundi akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichomtoa mbwa wa jirani chini ya nyumba. Hiyo ndiyo fataki tuliyopata.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kimya kimya. Mdogo wangu alifunga ndoa, akarudi kazini, na kila simu yake ikitoa mlio alikuwa anaitazama kwanza kwa pembeni. Polisi walimpigia mara moja kuuliza zaidi kuhusu mwenyekiti, wakamshukuru. Mimi nilimwambia usiogope, nami naogopa. Kamati haikuuliza. Nilikutana na mmoja wao kwenye treni, akanishika bega akaniambia, “Siku ile mlikuwa sahihi kabisa,” kwa sauti ya chini, kama ananiuzia kitu cha wizi. Nikamuuliza mkono wake ulikuwa wapi siku ya kura. Akashuka kituo kilichofuata, ambacho najua si chake.

Jibu lilikuja baridi ikiwa imeanza. Alinipigia, shemeji akamnyang'anya simu akasema, “Brathe, imeivana. Amepewa.” Nilipanda treni ya Penrith jioni ile ile.

Kabla sijafika, kundi letu la simu lilikuwa limejaa hongera. Miongoni mwake ilikuwepo moja ya mwenyekiti, ambaye tangu siku ya sherehe alikuwa hajaandika hata nukta. Aliandika: “Hongera binti yetu. Juhudi za kamati zimezaa matunda.” Na chini yake wale wale waliotazama keki wakaweka vidole gumba, kimoja kimoja. Niliviona vikiongezeka mpaka Blacktown, nikazima simu kabla sijaitupa.

Mdogo wangu alikumbuka pakiti zangu kwenye droo ya vijiko. Nyasi zilikuwa zimelowa umande, hakuna marufuku yoyote, nilihakikisha mara mbili. Tukatoka uani, watatu, na ndoo ya maji. Aliwasha kimoja akanipa, akawasha chake. Vikatoa cheche nyembamba, moshi mweupe, na harufu ya msumari uliounguzwa. Hata hatujaanza kufurahi, vikazima, tukabaki tumeshika waya nyeusi zilizopinda.

“Ndivyo hivi?” akaniuliza.

“Ndivyo hivi.”

“Hivi ndivyo mjomba alivyotaka kunifukuzisha navyo nchini?”

“Zile zilikuwa kubwa kidogo.”

Alikinusa kijiti chake, akakunja pua, akakitumbukiza kwenye ndoo. “Vinanuka vibaya,” akasema. Kisha akachukua pakiti nyingine akaifungua, akawasha cha pili, maana vilikuwa vyake, na ua ulikuwa wake.